Goti la Kabati

Mwalimu wa chekechea hakupiga simu kusema mtoto kapigana, wala kusema kaiba peremende za mwenzake. Alipiga kusema mtoto anashuka ngazi kinyumenyume.

"Kinyumenyume vipi?" Charisse aliuliza.

"Anageuka, anashika chuma, anashuka mgongo ukiwa umetangulia. Kila siku. Na sasa wenzake wameanza kumuiga, mama. Leo darasa zima limeshuka hivyo kwenda kula. Wawili wamedondoka."

Ndo maana Ijumaa ile saa tisa mchana Roosevelt Pettway, mtu wa paundi mia tatu na thelathini, akajikuta amekaa kwenye kiti cha mtoto wa miaka mitano, kiti chekundu, magoti yake yakiwa jirani na masikio. Mkewe Charisse alipewa kiti kama hichohicho, ila yeye alienea.

Mwalimu Pruitt alikuwa mama mwembamba mwenye miwani ya kamba. Kwanza alitaka kusalimia vizuri, maana Toledo nzima inamjua Roosevelt kwa jina la Kabati, jezi namba tisini na saba, timu ya Nyundo ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubebana na kuangushana.

"Jana usiku nilikuona kwenye televisheni," alisema. "Yaani, nilikuona kwa mgongo."

"Mimi huwa naonekana kwa mgongo tu, mwalimu."

Na ni kweli. Kazi ya Kabati ni kusimama katikati ya mstari wa ulinzi, pua kwa pua na wapinzani, arukiwe na majitu mawili kwa mpigo, na asiondoke pale aliposimama. Akishabebana na wale wawili, kijana mwingine anapita pembeni yuko huru kabisa, anamwangusha mrushaji, anacheza ngoma mbele ya kamera, mwisho wa mwaka anajenga nyumba Florida. Miaka minane Kabati alikuwa mlango, wenzake wanapita. Hakuna anayeushukuru mlango, lakini ukianza kukwaruza kila mtu anasikia.

"Sasa Nyla," mwalimu akaendelea, "nilimuuliza, nani kakufundisha kushuka hivyo? Akasema ndivyo baba anavyoshuka. Nikamuuliza, siku zote? Akasema hapana, akitoka kazini."

Charisse akamtazama mumewe. Mumewe akatazama picha ya bata ukutani.

"Ni mchezo wetu tu," Kabati alisema. "Mimi na yeye. Tunacheza."

"Kwa hiyo hakuna anayeumwa nyumbani?"

"Hakuna."

Mwalimu akaandika kitu kwenye karatasi, akawashukuru kwa kuja. Hapo ndo tatizo lilipoanza, maana kuondoka kunataka kusimama. Kabati akajaribu mara ya kwanza, goti la kulia likakataa. Akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havikuwa na kamba. Charisse akainuka, akamnyooshea mkono na kutabasamu kama bibi harusi, akamvuta kwa nguvu zake zote. Kabati akaja juu. Kiti nacho kikaja.

"Kinabana kidogo," mwalimu alisema kwa heshima, akamsaidia kukibandua.

*

Ndani ya gari Charisse alishika usukani, wakavuka mto.

"Wiki ya tatu hii," alisema. "Wiki ya tatu unanidanganya mimi, sasa umehamia kwa walimu."

"Sikudanganya. Nimesema mchezo."

"Baba Nyla! Mtoto anajua kushuka ngazi kama bibi kizee!"

Wiki tatu nyuma, kambini, jitu moja lilimwangukia Kabati kwenye goti kwa upande. Alisikia mlio ndani ya mguu, kama mtu kavunja bua la muhindi. Akainuka. Akajipangusa nyasi, akarudi kwenye mstari. Kesho yake goti lilikuwa kama tikiti maji, akalifunga bandeji mbili, juu yake akavaa soksi ndefu, akaenda kazini. Kambini kuna msemo wa Kocha Dudek, kocha wa wazuiaji, umeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu: ALIYE KWENYE BESENI HAYUKO KWENYE TIMU. Beseni ni lile la barafu, la majeruhi. Kabati hajawahi kuingia humo hata siku moja. Akija nyumbani analoweka mguu kwenye bafu la Nyla, pamoja na bata wa plastiki.

Ajabu ni kwamba nyumba ile Charisse aliipenda kwa sababu ya ngazi. Walipokuja kuipanga alisimama chini akasema, ona ngazi zinavyozunguka, kama za kwenye sinema. Sasa kila jioni alikuwa anasikiliza zinavyolia: hatua moja, kimya, pumzi, hatua nyingine.

*

Nyumbani alikuwepo pia mama yake Charisse, Bi Odessa, aliyekuja kutoka Mississippi kuangalia mjukuu kwa wiki mbili. Sasa alikuwa ametimiza mwezi wa tatu. Alikuwa jikoni anachambua sukuma wakati simu ya Kabati ilipoita. Aliyepiga alikuwa wakala wake, Cordell Sims. Kabati akaiweka mezani, sauti nje, maana kwenye nyumba ile mambo ya kazi yalikuwa ya bunge zima.

"Kaka mkubwa," Cordell alisema, "nakupa habari, na usinikatie simu. Jumanne wanapunguza watu. Jina lako limo kwenye karatasi ya kutoka."

Bi Odessa akaweka kisu chini.

"Nani kasema?" Kabati aliuliza.

"Kuna mtu wangu ofisini. Umri, kaka. Una thelathini na moja. Na yule dogo wa Nebraska anachukua robo ya mshahara wako."

"Dogo bado hajui kuweka miguu. Namfundisha mimi."

"Ndo hivyo. Umemfundisha vizuri."

Charisse alivuta kiti akakaa.

"Sasa sikiliza, maana hapa ndo pa muhimu," Cordell akaendelea. "Shemeji yupo? Shemeji nawe sikiliza, huyu simwamini. Kabla hawajakutoa lazima upite kwa daktari wao. Atakuuliza una maumivu. Ukisema huna, unasaini, unapewa mfuko wa taka utie viatu vyako, kwaheri. Lakini ukisema unayo, na goti ndo hilo, hawawezi kukutupa. Mtu kaumia kazini kwao. Lazima wakufanyie operesheni wao, na mshahara wa msimu mzima wanakulipa umekaa sebuleni. Dola milioni moja na laki mbili, kaka. Kwa neno moja."

"Neno gani?" aliuliza Charisse.

"Linauma."

Wote wakamgeukia Kabati. Kabati alikuwa anakuna meza kwa ukucha.

"Nitakuwa nimewaangusha vijana," alisema.

"Vijana gani?" Charisse akapandisha sauti. "Hao wanaokutoa Jumanne?"

"Hawajui kama nimeumia. Nikisema leo, watasema kumbe Kabati alikuwa anaigiza. Watasema naumwa mshahara."

"Na waseme!"

Bi Odessa akakohoa. Alinyanyua mkono wa kushoto, akaufungua mbele ya uso wa mkwewe. Vidole vinne.

"Mkwe, unakiona hiki?"

"Sikioni, mama."

"Ndo hicho ninachokuonyesha. Kiwanda cha kambare, mwaka themanini na nane. Mashine imekimega, damu mpaka kwenye samaki. Msimamizi kaja mbio, ananiuliza, Odessa, unaendeleaje? Na mimi kwa adabu zangu za kanisani nikamjibu, naendelea vizuri, bosi, asante. Akaandika: anaendelea vizuri. Mpaka leo nina vidole tisa, na hela ya cha kumi sikuiona. Adabu, mwanangu. Kidole changu kilikatwa na mashine, hela yangu ikakatwa na adabu."

Cordell kwenye simu akasema, "Mama kamaliza. Mimi sina la kuongeza."

*

Jumapili walipotoka kanisani Bi Odessa akakaanga kambare, akatoa mkate wa mahindi na sukuma iliyopikwa na mguu wa nguruwe, na baada ya kula akatangaza mazoezi. Alivaa joho jeupe la kuogea la Charisse, akaning'iniza tepu ya kushonea shingoni, akamlaza mkwewe kwenye sofa. Sofa ikalalamika.

"Mimi daktari. Bwana Pettway, habari za leo?"

"Nzuri."

"Umeshakosa! Charisse, kakosa!"

"Mama, amesalimiwa tu."

"Ndo wanapoanzia! Wanakupa salamu, unaimeza, imekwisha. Tena. Bwana Pettway, habari za leo?"

Kabati akatazama dari. "Siyo nzuri sana."

"Haya. Kuna nini?"

"Goti."

"Limefanyaje?"

"Lina... lina joto."

"Joto!" Bi Odessa akampiga begani kwa tepu. "Wewe ni mkate? Mtu mzima, mikono kama magogo, goti lina joto!"

"Linanisumbua."

"Nzi ndo wanasumbua."

Charisse akapiga magoti pembeni ya sofa. Akaongea taratibu. "Mume wangu. Tunajua wote. Hakuna kamera hapa. Sema tu mara moja, lisikie linavyotoka."

Kabati akafungua mdomo. Neno lilikuwepo, likakwama mahali fulani kati ya koo na miaka ishirini ya mpira. Tangu ana miaka kumi na moja, kwenye kiwanja cha vumbi kule kwao, aliyesema linauma alirudishwa kukaa na wasichana wa kushangilia, na jioni baba yake alikuwa anajua kabla hajafika nyumbani. Akiwa sekondari alicheza na kidole gumba kimevunjika. Chuoni alicheza na mbavu. Watu walimpigia makofi kwa hayo yote, wakamlipia shule, wakamlipa mshahara, wakamwoza mke mzuri. Hata mke alimpata kwa kucheza na pua inayovuja damu. Charisse alikuwa jukwaani, akauliza yule ni nani.

"Li..." alisema.

"Ehee."

"Linauma kidogo."

"Toa kidogo!" wanawake wote wawili walipiga kelele.

Nyla, aliyekuwa chini ya meza na mdoli wake, akatoka akasimama mbele ya baba yake, akamfundisha vizuri kama wanavyofundishwa chekechea. "Baba, unasema hivi. Ai! Halafu unalia. Halafu unapewa plasta."

Bi Odessa akaona maneno hayatoshi. Akaweka vidole vyake vinne juu ya goti, akabonyeza kwa nguvu za kiwanda cha samaki.

"LINAUMA!" Kabati akanguruma, mpaka mbwa wa jirani akajibu.

Wakashangilia. Charisse alimkumbatia, Bi Odessa akacheza mle sebuleni na joho lake, Nyla akaleta plasta yenye picha ya tembo, ikabandikwa. Kabati akacheka, akaifuta pua. Alisema si ngumu kihivyo. Walimfanya arudie mara tano kabla ya pai ya pichi, na mara zote tano alilisema wima, kama mtu anayeapa mahakamani.

*

Jumanne asubuhi alienda na plasta ya tembo chini ya soksi.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo watu walikuwa wanaongea kwa sauti za msibani. Kuna bwana mmoja pale anaitwa Gus, mpole, viatu vyeupe. Mwaka mzima kazi yake ni kukata tiketi za ndege, na hakuna mtu anayemjali. Siku hiyo moja tu ndiye anayetumwa kuwaita wanaotolewa, na wanaume wa paundi mia tatu wanajificha chooni wakimwona. Gus alikuja mpaka mbele ya Kabati, akatazama sakafu.

"Kabati. Bosi anakuita. Njoo na tableti."

Ile tableti yenye mipango ya mchezo ndo kitu cha kwanza wanachochukua. Viatu vyako, jezi yako, kumbukumbu zako, kaa navyo. Kwa bosi alikaa dakika nne. Bosi alisema ulikuwa uamuzi mgumu, akaangalia saa. Akamwambia apande juu kwa daktari akamalize.

Daktari Haines alikuwa peke yake. Alikuwa mtu mwema, kadiri kazi yake ilivyomruhusu. Alimwangalia Kabati alivyoketi kitandani, mguu mmoja umekunjwa, mwingine umenyooshwa kama ufagio, akaweka kalamu chini.

"Roosevelt, nitakuuliza maswali, na nitaandika utakachojibu wewe. Sina haraka. Una maumivu popote?"

Kabati akasikia kichwani sauti ya Bi Odessa: wanakupa salamu, unaimeza.

"Daktari," alisema, "goti."

"Ndiyo."

"Goti la kulia."

"Limefanyaje goti la kulia?"

"Li..."

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Kocha Dudek, Mpolandi mfupi wa mtaa wa Lagrange, macho mekundu, kibao cha mbao kwapani. Nyuma yake wamejaa vijana wanne wa mstari wa ulinzi, na mmoja wao ni yule dogo wa Nebraska, Kolby, aliyekuwa hajui aweke mikono yake wapi.

"Samahani daktari, sekunde moja tu," Kocha alisema. "Nimewaambia vijana lazima wamwone huyu kabla hajatoka. Mtazameni! Miaka minane. Kuna aliyewahi kumkuta kwenye beseni?"

"Hakuna, kocha."

"Hakuna! Mwanangu, mimi sikuulizwa kuhusu leo. Wangeniuliza, ungezeekea hapa. Lakini hiki wameniachia nikupe mimi."

Akageuza kile kibao. Kilikuwa na jina lake limechongwa, PETTWAY, na chini yake neno moja: CHUMA. Ni heshima ya chumba chao. Anapewa asiyekosa mazoezi hata siku moja kwa miaka minane. Ukutani vipo viwili tu. Cha kwanza ni cha bwana mmoja anayetembelea magongo mawili huko Dayton. Cha pili ni cha bwana ambaye mkewe humkumbusha jina lake kila asubuhi. Kabati tangu mwaka wake wa kwanza alikuwa anavitazama vile vibao kama watu wanavyotazama picha za watakatifu.

"Nakala yako hii. Nyingine naipigilia leo mwenyewe," Kocha alisema. "Sasa waambie hawa watoto, maana wanalia lia wakichubuka tu. Mgongo?"

"Mzima, kocha."

"Bega?"

"Zima."

"Goti?"

Daktari hakuigusa kalamu. Kolby alikuwa anamtazama bila kupepesa, mdomo wazi, kama Nyla anavyomtazama akiwa juu ya ngazi. Kule chini ya soksi plasta ya tembo ilikuwa inamwasha.

"Zima, kocha," Kabati alisema.

"Mmesikia!" Kocha Dudek akamshika kichwa kwa mikono miwili akambusu upaani. Vijana wakapita mmoja mmoja kumpa mkono. Kolby akasema tu, "Mzee... asante kwa miguu," akatoka.

Daktari akasubiri. Mlango ulikuwa bado wazi, na pale koridoni walikuwa wamesimama wanamngoja.

"Roosevelt," alisema kwa sauti ya chini. "Nikuulize tena?"

Kabati alitazama mlango. Alitazama kibao mapajani mwake.

"Si umesikia nilichosema," alijibu.

Akapewa kalamu. Alisaini vizuri, kwa mwandiko uleule anaosainia jezi za watoto.

Mle kulikuwa na lifti. Mlangoni pa lifti kumeandikwa: MAJERUHI TU. Na ngazi zilikuwa za kioo, hatua kumi na sita, na chini yake vijana wote wa ulinzi wamejipanga pande mbili kumsindikiza kwa makofi. Kabati akashika mfuko wa taka wenye viatu mkono mmoja, kibao mkono mwingine, hivyo chuma cha kushikilia hakuwa na mkono wa kukishikia. Akashuka akiwa ametazama mbele. Hatua ya tatu aliona nyota. Ya tisa aliacha kusikia makofi. Ya kumi na sita alikuwa anatabasamu kama mtu aliyekufa akapangwa uso na ndugu.

"Bado yumo!" Kocha Dudek alipiga kelele kutoka juu. "Mwoneni! Bado yumo huyu!"

*

Nyumbani Bi Odessa alikuwa ameshatengeneza pai nyingine. Charisse alimngoja mlangoni, akamtazama usoni, halafu akatazama mfuko wa taka, halafu kibao.

"Ulisema?"

Kabati akapita, akakiweka kibao katikati ya meza ya jikoni, akakaa.

"Nilianza," alisema.

"Ulianza."

"Nilifika kwenye li. Kocha akaingia na watoto."

Charisse alikaa upande wa pili wa meza. Hakupiga kelele, na hilo ndo lilimtisha Kabati. Akaichukua nakala ya karatasi ya daktari, akaisoma yote, hata yale maandishi madogo ya chini, akidhani labda mwisho wake utabadilika. Halafu akaikunja mara nne.

"Milioni moja na laki mbili," alisema. "Na operesheni. Umeleta ubao."

"Wapo watatu tu wenye hiki, Charisse. Tangu timu ianze."

Bi Odessa akavaa miwani, akakinyanyua kibao, akakigonga kwa kifundo cha kidole. "Mninga siyo," alisema. "Msonobari." Akakiweka karibu na jiko. "Basi tukikate, tukichemshe na mguu wa nguruwe, tuone kitatoa mchuzi gani."

"Mama, niache."

"Nimekuacha, mwanangu. Unaendelea vizuri. Imeandikwa."

Hela za miaka minane zilikuwa zimeshafuata njia za hela. Nyingi ziliishia kwenye mgahawa wa mabawa ya kuku wa binamu yake Kabati, uliouza mabawa miezi minne na kesi miaka miwili. Charisse alikuwa anapiga hesabu kichwani, midomo inacheza. Kodi mpaka Novemba. Operesheni wenyewe, hapana. Kabati naye alikuwa anamtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza siku ile neno likamjia laini kabisa, bila kukwama popote.

"Linauma," alisema.

"Najua," Charisse alijibu. "Tatizo sikuulizi mimi."

Saa kumi na mbili jioni simu ikaita. Cordell. Kabati hakutaka kuigusa, akapanda juu kujilaza, hatua, pumzi, hatua. Charisse akaipokea, sauti nje kama kawaida.

"Shemeji, nimeshasikia, usinieleze, nimelia vya kutosha," Cordell alisema harakaharaka. "Sikiliza. Omaha. Mzuiaji wao wa katikati kavunjika mguu leo mazoezini, wanataka mtu kesho. Kesho, shemeji! Ndege saa kumi na mbili asubuhi. Mshahara uleule. Wameona karatasi ya daktari wa Toledo, imewafurahisha, mtu mzima kabisa. Wana swali moja tu, wanataka wasikie kutoka kwa familia, maana huko watu wanasema sema. Lile goti likoje?"

Charisse akatazama mlango wa jikoni.

Bi Odessa, aliyekuwa anakata pai, alisimamisha kisu. Mama na mtoto wakatazamana juu ya kile kibao. Bi Odessa akatazama mkono wake wa kushoto, akauficha chini ya aproni.

"Shemeji? Upo?"

"Nipo."

Juu mlango ulifunguliwa. Kabati alikuwa ameisikia ile simu. Nyumba ile haikuwa na siri. Alikuwa ameshatoa begi lake la safari, lile kubwa, akageuka, akashika chuma, akaanza kushuka mgongo ukiwa umetangulia. Hatua moja. Kimya. Pumzi. Hatua nyingine. Juu yake Nyla naye alikuwa amegeuka, ameshika chuma, anamfuata na begi lake dogo la shule, kinyumenyume, anahesabu kwa sauti.

"Shemeji, watu wa Omaha wako kwenye laini nyingine. Goti likoje?"

Charisse akanyoosha mguu, akausukuma mlango wa jikoni ukajifunga, ili sauti ya ngazi isiingie kwenye simu.

"Goti?" alisema, kwa sauti ya mtu anayecheka. "Zima kabisa."